Msosi wa mchana mtaa wa nyuma ya Urafiki, wahi kabla ya saa saba

Shuka mwendokasi kituo cha Urafiki, Morogoro Road, Dar, ulizia mama ntilie wa kibarazani, mtaa wenyewe mfupi hata bodaboda haifiki gia ya pili. Wali maharage mtamu sana, nazi imekolea, mchicha haujapondeka, ila samaki siku hizi wadogo jamani na bei ileile. Mi nafuata wazee, wengi walifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki, ukikaa nao benchi moja historia unapewa bure: kiwanda kilijengwa kwa msaada wa China, kikaanza 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, khanga na vitenge vyake vikavaliwa nchi nzima. Mmoja kashika pindo la khanga iliyofunika hotpoti, kalisugua kwa vidole, "poliesta tupu hii mwanangu, yetu ilikuwa inakunywa jasho". Miaka ya 1990 ikaja na soko huria, mitumba, kiwanda kikawa cha ubia na Wachina, hapo ndo wanabishana mpaka chai inapoa (usiulize nani alikosea, hutaondoka leo). Huduma taratibu kidogo, lipa namba ipo. Nyota nne, ya tano samaki wakinenepa.