Kamusi za kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi za mwisho, maoni yangu baada ya kuzitumia

Wale mnaojifunza Kiingereza au mnaofundisha, kuna hizi kamusi za mtandaoni ambazo sio lazima uandike neno zima, unaweka nyota alafu mwisho wa neno, mfano *itis, zinakumwagia kila neno linaloishia hivyo na ukibonyeza neno unapata maana yake. Ziko kadhaa na zinafanya kazi karibu sawa so sitaji moja, nazungumzia huduma yenyewe. Nimeikubali sana, nyota 4 kati ya 5, ila hiyo moja niliyoipunguza nina sababu zake.

Kwanza inapong'aa. Kama unasoma mambo ya afya usipitwe na hii kitu aisee. Andika *itis uone bronchitis, gastritis, hepatitis, arthritis, tonsillitis, zote zinamaanisha sehemu fulani ya mwili imevimba, mara nyingi na kuuma, unabaki kujua sehemu gani tu, hepat ni ini, gastr ni tumbo, arthr ni viungo, yaani maneno yaliyokuwa yanakutisha unaanza kuyafungua mwenyewe. Alafu nenda kwenye upasuaji, hapo ndo patamu zaidi: -ectomy ni kukata na kutoa kabisa, kama appendectomy wanapotoa kidole tumbo, -otomy ni kupasua kuingia ndani, na -ostomy ni kutengeneza tundu, kama colostomy ambapo utumbo mpana unatobolewa njia ya kutokea tumboni. Ukiyaona kwenye orodha moja utofauti unakaa kichwani, ila ukikutana nayo kwenye kitabu kurasa tofauti unaweza kuyachanganya miaka.

Spelling pia inasaidia mno. Watu wanateseka na -ceed na -cede, sasa ukitafuta *ceed unakuta maneno ya kawaida ni matatu tu, exceed, proceed na succeed, mengine kama precede, concede na recede yanaenda na -cede, na supersede iko peke yake na -sede. Dakika mbili umemaliza suala ambalo walimu wanalirudia kila muhula.

Sasa inapozingua. Mashine inaangalia herufi, haiangalii maana wala asili ya neno. Nilitafuta *cide, zikaja homicide, pesticide, herbicide, genocide (hili la mwisho si la zamani hivyo, mwanasheria Raphael Lemkin ndo alilitunga, likachapishwa 1944), yote habari ya kuua, sawa, mara katikati ya hayo mauaji zimekaa decide na coincide. Hakuna maelezo yoyote. Na hapo ndo kuna utamu wenyewe, maana decide kweli ni ndugu wa hayo mengine, imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini caedere, kukata, na sisi si tunasema kukata shauri? Ni wazo lile lile kabisa! Coincide haimo kwenye ukoo huo, yenyewe imetoka kwenye kitenzi cha kuanguka, cadere. Kamusi nzuri ingekuambia hivyo palepale, badala yake inabidi ufungue neno moja moja usome asili yake, mtu mwenye haraka atatoka na picha isiyo sahihi.

Miisho mifupi ndo kabisa usijisumbue. *er inakuletea teacher na driver, sawa ni watenda kazi, alafu water, river, number, bigger, vyote kapu moja. *less inakupa homeless na hopeless halafu bless na unless humo humo. Ukikuta kamusi yenye sehemu ya kuchuja maneno ya kawaida tu, chagua hiyo, maana bila kuchuja unapewa maneno ambayo hata wenye lugha hawayajui. Ndo maana lile fumbo la kutafuta neno la tatu linaloishia na -gry linasumbua watu mpaka leo, ya kawaida ni angry na hungry basi, yaliyobaki ni ya kufukua kwenye makamusi makubwa.

Washairi nao wasije kwa pupa. Kupanga maneno kwa mwisho wake ni wazo la siku nyingi, John Walker alitoa kamusi ya namna hiyo London mwaka 1775 na ilikusudiwa mambo ya vina. Lakini kwetu ukiona herufi zimefanana ujue kina kimekaa, Kiingereza hakiko hivyo, ukiandika *ough unapata cough, rough, though na through na hakuna hata mawili yanayotamkwa sawa hapo. Kwa vina tafuta kamusi inayopanga kwa sauti, hii itakuangusha.

Jambo moja ambalo wengi hawalitumii, ukiweka alama ya kuuliza badala ya nyota kila alama inasimama kwa herufi moja, kwahiyo ?????hood inaleta childhood, adulthood, womanhood, falsehood, yale ya herufi tisa tu. Kwa wanaojaza mafumbo ya maneno au walimu wanaotunga mazoezi hiyo peke yake inatosha kuifanya uihifadhi kwenye simu.