Gari la rimoti kwenye baridi kali: mota iko poa, plastiki ndo shida

Gari lenyewe ni la skeli ya 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), fowili yaani magurudumu yote manne yanavuta, mota ya brashilesi (isiyo na brashi ndani), na kwenye boksi wameandika linafaa hali ya hewa yoyote. Nianze na hapo hapo. Hiyo "hali ya hewa yoyote" maana yake ni maji tu jamani, risiva inayopokea mawimbi ya rimoti iko ndani ya kiboksi chenye raba, kontrola ya mota imezibwa, servo (kale kamota kanakogeuza stelingi) haiingizi maji, na kwa hilo siwadai kitu, nimelipitisha kwenye theluji inayoyeyuka na halijakohoa. Ila baridi yenyewe hawajaifikiria kabisa, na baridi ndo inavunja.

Kilichokatika ni mkono wa chini wa mbele, ule unaoshika gurudumu. Wala haikuwa ajali ya maana, kamruko kadogo kakatua vibaya, siku yenye joto mkono ungepinda kidogo ukarudi. Huu ulikatika tap! pale kwenye tundu la pini, na ukiangalia pale hamna kuvutika wala ile weupe ya plastiki iliyopindwa, mkato msafi. Mkono ni wa naloni, aina ya plastiki, nayo inakuwa ngumu na kukatika kirahisi baridi ikizidi, halafu ulaini wake unategemea pia unyevu kidogo inaonyonya hewani, sasa hewa ya msimu wa baridi ni kavu na ndani hita inakausha zaidi, kwa hiyo inapigwa pande zote mbili. Ndo maana wazoefu wanachemsha spea za naloni kwenye maji kabla ya kufunga. Mikono mipya niliichemsha na bado mizima, japo sitaki kuyasifia sana maji ya moto maana na kuruka nimepunguza. Bodi yenyewe ni polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, na haina hata ufa, ile kitu inavumilia.

Betri sasa. Hii ni LiPo, yaani ya lithiamu-polima, na ikipoa inatoa umeme kwa shida, ukikanyaga mafuta volti zinaanguka ghafla, kontrola inadhani chaji imeisha inakata, unarudi ndani betri ikipata joto unakuta chaji bado imo kibao. Kaa nayo ndani ya koti mpaka dakika ya mwisho, inasaidia sana. Kitu cha hatari ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu inaganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani, uwezo ukipotea hivyo haurudi na huko mbele inaweza kupiga shoti. Iache ipate joto la chumba kwanza, na hili kwenye kitabu cha maelekezo wameliweka mstari mmoja tu tena mwishoni, si sawa.

Shokapu nazo oili inakuwa nzito, gari linadunda badala ya kunyonya, na hapo mikono inakula pigo lote. Nimetoa oili ya uzito wa 35 nikaweka nyepesi zaidi ya 25 na tofauti unaiona waziwazi. Tairi zinakuwa ngumu, hazishiki, sawa tu.

Watu wengi wanadhani kwenye baridi mota haiwezi kupata moto. Inapata! Theluji nzito inaikaba, inavuta umeme mwingi, joto lake linayeyusha theluji iliyojaa kwenye chasisi, maji yanateremka kwenye sasipensheni yanaganda tena na stelingi inakuwa nzito hadi servo inalalamika. Gonga theluji itoke kila ukibadilisha betri. Na ukiliingiza ndani litatoka jasho, kila chuma kinalowa, kwa hiyo pangusa, toa bodi, likauke, beringi uzipake oili, la sivyo zitaanza kukwaruza kwa kutu, hasa kama ulikimbiza barabara iliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu.

Gari hili nalipa nyota 3 kati ya 5. Umeme wake ningeupa 5 bila kufikiria, plastiki 2, na kwenye boksi wametia stika kurasa mbili nzima, wangetia mikono miwili ya akiba tungeelewana.