Michoro ya Kolo, Kondoa: mwongozaji safi, njia ya kujiandaa

Anayetoka Dodoma kwa barabara ya Babati hana tabu hadi Kolo. Ni lami mwanzo mwisho. Kondoa mjini ni kama kilomita 160, na Kolo ni kama kilomita 25 mbele yake, kando ya barabara kuu; mabasi ya Arusha yanapita hapo na kondakta atakushusha ukimwambia mapema. Kazi inaanza ukishaiacha lami kuelekea Mungumi wa Kolo, mlima wenye mapango ya michoro ya kale ya miambani.

Usipande mlima bila kupitia ofisi ya mambo ya kale hapo Kolo. Hapo ndipo unapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontro namba, yaani namba ya malipo unayopewa ulipie kwa simu, kwa hiyo weka pesa kwenye simu ukiwa bado Kondoa, uchaji betri, na udai risiti. Mafuta nayo jaza Kondoa.

Huyo mwongozaji ndiye huduma yenyewe, na ndiye anayestahili alama za juu katika safari hii. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Ukiona makadirio yametofautiana kiasi hicho, jua kwamba hakuna askari wala uzio wa kutosha kuyalinda yote. Uzio ulishajaribiwa: enzi za zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa mbao na wavu wa waya, na watu wakaving'oa wakaenda kuvitumia. Kinachobaki ni mtu anayejua njia na kuona kila mgeni anaweka wapi mkono wake. Mpe muda, muulize maswali, usimkimbize.

Sasa njia. Kutoka Kolo ni kama kilomita kumi, na sehemu ya mwisho ni mawe na mwinuko mkali. Magari ya chini kama IST na Noah yaachwe kijijini. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne na liwe na tumbo la juu. Ukikuta korongo la mchanga, punguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 20 hivi kabla ya kuingia, kisha pita kwa mwendo mmoja bila kubadili gia katikati. Beba pampu ya kurudishia upepo. Wengi hukwama kwa sababu ileile: gari likianza kuzama dereva anaongeza moto, matairi yanachimba, chesesi inakalia mchanga. Zima haraka, fukua mbele ya kila tairi, tandika mikeka ya gari au matawi makavu yaliyoanguka.

Matawi makavu, siyo mti mbichi. Vilima hivi vya Irangi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko kiasi cha kuanzishiwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye kilomita za mraba 1,256 za Kondoa ili majani na vichaka vipate kurudi. Wenyeji waliulipia ujani huo kwa ng'ombe wao. Mgeni anayekata kichaka ili gari lake litoke mchangani hana haki hiyo.

Kutoka gari linapoishia ni kupanda kwa miguu. Lita tatu za maji kwa kila mtu, viatu vyenye meno, kofia, na usijipulizie manukato. Nyuki wanapenda nyufa za miamba hii. Choo na maji ya kunywa usivitegemee huko juu. Ukibanwa, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, fukia, karatasi urudi nayo kwenye mfuko. Kamwe isiwe ndani ya korongo: mchanga ule unaoonekana mkavu ndiko watu wanakochimba visima vya kiangazi.

Mapango yenyewe ni miamba iliyoinama kama baraza ya nyumba, wala huhitaji tochi. Mlima wa Mungumi una sehemu tatu zinazoitwa B1, B2 na B3. Picha za zamani zaidi ni nyekundu, za rangi ya udongo wenye chuma: watu wembamba warefu, wengine vichwa vikubwa vya ajabu, pamoja na wanyama. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alizinakili nyingi za Kondoa mwaka 1951. Simama mita mbili, tulia dakika kadhaa, jicho litazizoea na wekundu utajitokeza wenyewe. Jua likipiga mwamba moja kwa moja hutaona kitu; muulize mwongozaji sehemu ipi iko kivulini saa hiyo.

Hapa ndipo wageni wanapoharibu, mara nyingi kwa nia njema. Zamani ilikuwa kawaida kumwagia maji ukutani ili rangi ing'ae. Inang'aa kweli, kwa dakika mbili. Halafu maji yanapokauka yanavuta chumvi ya ndani ya mwamba hadi juu, utando mweupe unafunika rangi, na mwamba unaanza kubanduka vipande. Kuchora pembeni kwa chaki ni hasara ileile. Mafuta ya kiganja yanashika vumbi, na moto chini ya mwamba unaleta masizi yasiyotoka. Unataka picha ionekane vizuri? Piga bila flashi, kisha ipitishe kwenye programu ya DStretch, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Itatoa hata mistari ambayo macho hayakuiona.

Jambo gumu zaidi ni tambiko. Mungumi ni mahali pa mizimu hadi leo. Watu hupanda kuomba mvua na tiba, na pombe ya mtama humwagwa au kupulizwa kwenye mwamba. Kwa michoro hiyo ni hasara. Lakini kupiga marufuku ni kuwafukuza watu wenye sababu ya kuuheshimu mlima kuliko sisi sote tunaokuja na kamera. Makubaliano ya pombe kumwagwa chini, mbali na ukuta wenye picha, yana nafuu kuliko amri. Mgeni asiguse alichokuta kimewekwa, wala asipige picha za wanaotambika bila ruhusa.

Wengi wanataka barabara ichongwe hadi miguuni pa michoro. Hapana. Itengenezwe hadi kwenye korongo la mwisho, basi. Gari likipanda zaidi huinua vumbi, na vumbi hukaa kwenye rangi. Fedha ziende kwenye njia ya miguu: mistari ya mawe iliyopangwa mshazari ili maji ya mvua yatoke pembeni, maana njia inayoshuka wima hugeuka mfereji, watu wanaikwepa, wanafungua nyingine. Na makundi yasizidi watu wanane kwa pango.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Kuanzia Desemba hadi Aprili korongo linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama juu yako ni jua kali. Usilale humo, na usiache gari ng'ambo. Mzee asiyeweza kupanda aulizie Pahi, kwenye michoro myeupe ya miaka ya karibuni zaidi. Mwenye siku ya pili aende Fenga, kaskazini ya Kolo, akaone tembo ambaye wengi wanasema amenaswa mtegoni.