Nimelipa laki sita niambiwe rupia ya bibi imesuguliwa

Nilijiambia nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Zimegoma kupoa. Kiboksi chenyewe kipo hapa juu ya meza, kila nikipita kinanitazama, kwa hiyo mtanisamehe.

Nilipeleka sarafu mbili kugrediwa, yaani kampuni izikague, izipe alama za ubora, izifungie kwenye kiboksi cha plastiki. Mbili tu, si gunia. Ya kwanza ni rupia ya fedha ya mwaka 1892, ile ya kampuni ya Wajerumani: upande mmoja Kaiser Wilhelm na kofia yake ya vita yenye tai juu, upande wa pili simba na mnazi. Hiyo bibi yetu aliiacha kwenye kasha, nyumbani Pangani, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ya pili ni heller ishirini ya Tabora ya 1916, niliyoipata kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu kwa hela ya chai. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wamebanwa na vita, sarafu kutoka kwao haziingii tena, wakaamua kuzigonga wenyewe kwenye karakana ya reli. Na inaonekana kweli ni kazi ya karakana. Taji limekaa ovyo, ukingo kama umetafunwa. Ila heshima yake ipo, maana hili neno "hela" tunaloliimba kutwa nzima limetoka kwenye hiyohiyo heller.

Mpango ulikuwa hivi: rupia ndiye bibi harusi, heller ni mpambe wa kumsindikiza.

Kampuni ya upimaji siitaji jina. Ni mojawapo ya zile kubwa za Marekani. Hapa kwetu hawana hata dirisha, kwa hiyo binamu yangu anayeishi Ujerumani alipokuja likizo akaondoka nazo, akazituma kutokea kule. Uanachama, ada ya kila sarafu, bima, posta ya kwenda, posta ya kurudi. Ukijumlisha ilipita laki sita, na hapo binamu hakunidai hata soda. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Wanaziongezea nini?" Nikamwambia hawaongezi kitu, wanazitazama halafu wanazifungia kwenye plastiki. Akanyamaza. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko angegomba.

Basi ukaanza ugonjwa wa kusubiri. Wana ukurasa wa kufuatilia mzigo wako ulipofika. "Imepokelewa." Nikafurahi kama nimepata mtoto. Halafu wiki zikapita, "imepokelewa" ikabaki "imepokelewa". Nikawa naifungua kabla ya kunawa uso, naifungua kwenye daladala, naifungua msibani, Mungu anisamehe. Nilishaanza kuota namba. Nikipata 58 nitashukuru. Nikipata 61 nitachinja kuku. Mtu mzima na ndevu zake anasubiri matokeo kama wa kidato cha nne.

Yakatoka usiku, kwenye saa tisa hivi. Ya kwanza kuonekana ilikuwa heller: MS 62.

Kwa wasiojua, alama zinaanzia 1 hadi 70. Msiniulize kwa nini si 100. Mfumo wenyewe aliubuni Mmarekani mmoja, William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti zao kubwa za shaba, na leo ndio unaoipimia heller ya Tabora. Ukifika 60 ndipo unapewa hizo herufi MS, maana yake sarafu haijachakaa, kama haijawahi kununua hata kibiriti. Lile pambo la mzee wa vyuma chakavu! Nilipiga yowe, mke wangu akarukia panga akidhani tumevamiwa.

Nikateremsha kidole kwenye rupia. Kama mpambe kapata 62, bibi harusi je?

Hapakuwa na namba. Palikuwa na neno "Cleaned". Imesafishwa. Basi.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu wote, mengine nasema kupitisha muda tu. Sarafu wakiona imesafishwa vibaya hawaikati alama tano au kumi ukajifariji. Wanainyima namba kabisa. Ni kama mtoto kasoma miaka yote, siku ya siku unakuta "matokeo yamezuiliwa". Na ada ni ileile! Namba wamekunyima, hela wamechukua, na aibu yenyewe wamekuchapia kwenye lebo, wakaifunika na plastiki ngumu isifutike.

Nikapiga simu. Binamu akatuunganisha, akapokea dada mmoja wa huduma kwa wateja. Sauti nzuri, hiyo nampa. Nikamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba hiyo sarafu imekaa kwenye kasha la familia, haijapita dukani wala mnadani, nataka kujua wameona nini. Akasema wataalamu hawatoi maelezo ya sarafu mojamoja. Nikarudia. Naye akarudia, neno kwa neno, kama kaseti. Nikamwambia dada yangu, huyo mtaalamu wako labda alichoka. Akacheka kidogo, ule mcheko wa puani, akasema: "Sarafu nyingi zinazotoka huko huwa zinakuja hivi."

Huko. Huko wapi? Huko ni Pangani, dada. Huko ndiko hiyo rupia ilikofanya kazi kabla kampuni yako haijazaliwa. Na hizo chupa za dawa ya kung'arishia fedha zinazouzwa madukani tumezivumbua sisi wa huko? Mafundi wenu wa vito, waliosugua sarafu za babu zao mpaka sura zikafutika, nao walitoka huko? Hayo yote sikumwambia. Nilisema "asante" nikakata. Maneno yalikuja baadaye, bafuni, na yanaendelea kuja mpaka leo.

Kama ningeandika siku ile, ningewapa nyota sifuri na kuwaombea mabaya.

Mzigo ukarudi. Nikazima taa ya juu, nikawasha ile ndogo ya mezani, nikaichukua heller kwanza. Ukiiinamisha taratibu, mwanga unazunguka juu yake, unakimbia ukingo hadi ukingo kama vijiti vya tairi la baiskeli. Sarafu mbaya ya sura, lakini ngozi yake ni ya siku ileile iliyotoka karakana. Kisha nikaishika rupia. Inang'aa, tena inang'aa kuizidi heller. Ila ule mwanga umesimama. Unainamisha kushoto, kulia, haukimbii, umetulia pale kama kwenye sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na shavuni kwa Kaiser, ukisogeza jicho, kuna mikwaruzo myembamba kama nywele, mamia, yote imelala upande mmoja. Mkono mmoja, mwendo mmoja, miaka mingi.

Nikaanza kuhisi vibaya.

Mwisho wa wiki nikashuka Pangani. Shikamoo, marahaba, chai, vitumbua, habari za wagonjwa wote. Nikauliza kama kwa bahati mbaya tu: "Shangazi, ile rupia ya bibi iliwahi kusafishwa?"

"Kusafishwa?" Akaniangalia kama nimemuuliza kama aliwahi kuoga. "Kila Idi, baba. Ndogo na kubwa. Majivu na ndimu, halafu naipiga kitambaa mpaka yule mzungu anacheka. Bibi yako alikuwa hataki kuona uchafu. Hata anaumwa, mwaka ule wa mwisho, aliniuliza: umeisugua?"

Ningemjibu nini? Nimweleze habari za Sheldon? Nilimeza kitumbua.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukweli ni kwamba jamaa waliona sawasawa. Wako maelfu ya maili kutoka Pangani, wametazama sarafu kwa taa na kioo, wakauona mkono wa shangazi yangu. Kwa upande huo nawavulia kofia, na naandika hili meno yameumana. Kwenye upimaji, nyota nne. Kwenye huduma, nyota moja, na hiyo moja ni ya ile sauti. Kuwa sahihi hakumpi mtu ruhusa ya kucheka puani. Lile "huko" sijalisamehe.

Je, nawashauri mpeleke? Hapana. Kaeni na hela zenu. Au tuseme hivi: kama ni sarafu ya ukoo, msipeleke, mtaambiwa mambo ya nyumbani kwenu na mtu asiyewajua. Kama ni ya kuokota kwa mzee wa vyuma chakavu, wala haijawahi kupendwa na mtu, peleka, huenda ukachinja kuku. Na kabla ya kulipa, iinamishe chini ya taa kwanza. Mwanga ukisimama, okoa laki zako. Wapo wanaovunja kiboksi wakaipeleka tena wakibahatisha mpimaji mwingine. Binamu alinishauri hivyo, nikamwambia yeye ndiye alipe.

Nimesema msipeleke, ila nisiwafiche: nina pesa moja ya shaba ya 1891, nyeusi tii, haijaguswa na ndimu, na binamu anakuja tena mwisho wa mwaka. Tayari nimeshaota namba yake.

Kingine. Siku ile naondoka Pangani nilimwonyesha shangazi kiboksi, nikidhani atafurahi kuona rupia imewekwa kifahari, na lebo, na msimbo wa kuskani. Akaigeuza geuza, akagonga plastiki kwa kucha.

"Mbona mmeizika?" akauliza. "Itoe humo. Imeanza kufifia, na Idi hii hapa."

Koleo ninalo. Nimelitoa kwenye boksi la vifaa tangu juzi, liko hapa mezani pembeni ya kiboksi, na mke wangu akipita anatazama vyote viwili, hasemi kitu.