Duka la spea Nakuru: nenda na namba ya injini

Ukiingia katika duka hili dogo, vichochoro vya barabara ya Mburu Gichua hapa Nakuru, usiseme "nipe hedi gasketi ya Canter". Mama anayeuza atakuuliza, "Injini gani?" Ukijibu "ya Canter tu", anamhudumia aliye nyuma yako. Wengine huyaita maringo. Mimi ndiyo sababu nanunua kwake.

Lori langu, Canter, hubeba viazi kutoka Molo. Juzi ilianza kuchemka ikipanda Elburgon, na fundi alipochomoa dipstiki, oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili: hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi ya juu na bloku ya injini, imekwisha. Sasa, kibati cha mlangoni kinasema injini ni 4D32, ila mwenye lori wa kwanza aliitoa akaweka 4D33. Malori makuukuu ya huku mengi ndivyo yalivyo, bodi yake na injini ya mwingine. Maduka niliyopitia kwanza yalitaka kuniuzia ya 4D32. "Zote ni moja, mzee."

Si moja. Silinda ya 4D32 ina kipenyo cha milimita 104, ya 4D33 ni 108. Ukifunga ile ndogo, ukingo wake unachungulia ndani ya silinda milimita mbili kila upande, moto unaula. Mama alitandika gasketi yangu ya zamani juu ya mpya pale kaunta, akafuata matundu ya maji moja moja, kisha akatoa vernia, kile kipimio cha milimita, akapima. Tena akauliza kama hedi imepelekwa kuchongwa, maana ikiwa imepinda, gasketi mpya haitashika hata ingekuwa ya dhahabu.

Ya Japani aliniuzia 4,800. Ilikuwepo ya 1,900, na alinieleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba hiyo si ya Japani. Bei hapunguzi. Nilibembeleza hadi akaniongezea gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, basi.

Pa kuegesha lori hapana, liache mbali uje na boda. Pakiti ikishafunguliwa harudishi, na hapo namwona mkali kupita kiasi. Springi, bushi na mambo ya chini ya gari hana mengi; hizo mimi hutafuta kwa wauza mitumba.

Jumapili hafungui. Piga picha ya namba iliyo kwenye bloku kabla hujaondoka, na ile spea ya zamani ibebe hata kama inavuja oili.