Perma.cc na tanbihi za wanasheria: tathmini ya mtumiaji

Mwanafunzi wa sheria hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kila hoja anayoijenga iwe na rejea, na kwamba msomaji mwenye shaka aweze kukiendea chanzo na kujiridhisha mwenyewe. Kanuni hiyo haikuwa na taabu kubwa wakati chanzo kilikuwa juzuu la hukumu lililopangwa katika rafu za maktaba. Taabu ilianza pale majarida ya sheria, na hata mahakama, yalipoanza kunukuu kurasa za tovuti ambazo mwenye nazo anaweza kuzibadilisha au kuziondoa wakati wowote bila kumjulisha mtu. Perma.cc, huduma iliyoanzishwa mwaka 2013 na wataalamu wa maktaba ya Shule ya Sheria ya Harvard nchini Marekani, ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo moja tu.

Tatizo lenyewe si la kufikirika. Watafiti wa sheria Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walipokagua anwani za intaneti zilizonukuliwa katika majarida ya sheria ya Harvard, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 70 hazikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani kiwango kilikuwa kama asilimia 50. Mfano unaopendwa sana na wakutubi ni wa Jaji Samuel Alito, ambaye katika shauri la mwaka 2011 kuhusu michezo ya video yenye ukatili alitaja anwani ya tovuti katika tanbihi. Baadaye usajili wa anwani ile ulikwisha, mtu mwingine akaichukua, akaweka ujumbe wa kejeli kuhusu jinsi mambo ya intaneti yasivyodumu. Aliyeifuata tanbihi ya jaji wa mahakama ya juu kabisa alikutana na mzaha.

Matumizi ya Perma.cc ni mepesi kiasi kwamba hayahitaji mafunzo marefu. Mtumiaji hubandika anwani ya ukurasa anaotaka kuunukuu, mfumo huufungua ukurasa huo na kuunakili pamoja na picha na mpangilio wake, kisha hutoa anwani mpya fupi yenye herufi na tarakimu nane zilizogawanywa mafungu mawili kwa kistari. Pamoja na nakala hiyo huhifadhiwa pia picha ya skrini. Msomaji anayebofya anwani mpya huuona ukurasa kama ulivyokuwa siku uliponakiliwa, tarehe ya kunakiliwa ikiwa juu yake, pamoja na njia ya kwenda kwenye ukurasa wa sasa ili alinganishe. Katika tanbihi, anwani ya asili huandikwa kwanza na ile ya Perma.cc hufuata ndani ya mabano ya mraba. The Bluebook, mwongozo wa unukuzi unaofuatwa na majarida mengi ya sheria ya Marekani, katika toleo lake la 20 la mwaka 2015 uliwahimiza waandishi kuhifadhi vyanzo vya intaneti kwa namna hii.

Ninachokithamini zaidi kuliko wepesi huo ni jinsi huduma hii ilivyopangwa kwa kufuata jumuiya za kitaaluma zilivyo. Maktaba ndiyo inayojiandikisha na kubeba dhamana; chini yake huundwa vikundi, kwa mfano jarida, kitivo au kliniki ya msaada wa kisheria, na wahariri au watafiti huingizwa ndani ya vikundi hivyo. Aliyewahi kuhudumu katika jarida linaloendeshwa na wanafunzi anajua kwa nini mpangilio huu ni muhimu: bodi ya wahariri hubadilika takriban kila mwaka, na kazi inayofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja huondoka naye anapohitimu. Hapa folda hubaki mali ya kikundi, maelezo yaliyoandikwa pembeni mwa kila nakala hubaki, na mhariri mpya huendelea pale mwenzake alipoishia. Kuna pia kanuni ya saa 24, ambayo baadhi ya watumiaji huiona kali: mtu anaweza kufuta nakala aliyoitengeneza ndani ya muda huo tu, na baada ya hapo haifutiki tena kwa mkono wake. Mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa huduma nzima. Hifadhi ambayo mwandishi anaweza kuifuta baada ya kushindwa katika mjadala haimsaidii msomaji kwa lolote.

Mipaka yake nayo ni ya wazi. Kurasa zinazofunguka kwa waliolipia tu haziwezi kunakiliwa na mfumo moja kwa moja, na zile ambazo wenyewe wameziwekea alama ya kukataa kuhifadhiwa huingizwa kwenye hifadhi ya faragha isiyoonekana na umma, jambo ambalo linaheshimu haki za mwenye tovuti lakini linamwacha msomaji wa kawaida mikono mitupu. Kurasa zenye video au ramani zinazobadilika kadiri mtu anavyozigusa hunakiliwa kwa shida. Kwa hali kama hizi mtumiaji anaruhusiwa kupakia faili lake mwenyewe, na hapo mwanasheria anapaswa kuwa macho: waraka ulionakiliwa na karani wa mahakama hauna uzito sawa na ule ulioletwa na mmoja wa wadaawa. Jarida makini lingemtaka mwandishi aeleze katika tanbihi ni ipi kati ya njia hizo mbili iliyotumika.

Suala la nani anaruhusiwa kuitumia ndilo linalonipa mashaka. Mahakama na maktaba za kitaaluma huipata bila malipo. Mtu binafsi hupewa nakala 10 za majaribio, kisha hulipia. Mtafiti anayejitegemea, au mwanafunzi ambaye maktaba ya chuo chake haijajiunga, hubaki nje ya chombo kilichokusudiwa kulinda elimu ya wote. Kwake yeye mbadala ulio karibu ni Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za tovuti ya shirika la Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambayo humruhusu mtu yeyote kuagiza ukurasa uhifadhiwe bila gharama. Hiyo nayo ni hazina kubwa, ingawa haina folda za pamoja wala usimamizi wa maktaba, na mashambulizi ya Oktoba 2024 yaliyoifanya isipatikane kwa siku kadhaa yalionyesha hatari ya kutegemea ghala moja. Anayeweza kutumia zote mbili, na atumie zote mbili.

Hata pale ambapo Perma.cc inapatikana, mara nyingi hukabidhiwa mtu asiyestahili kuwa wa kwanza kuitumia. Katika majarida mengi kazi ya kunakili kurasa hupewa wahariri wasaidizi wakati makala iko njiani kuchapishwa, pengine miezi mingi baada ya mwandishi kuzisoma kurasa hizo. Wakati huo ukurasa unaweza kuwa umekwisha kurekebishwa, na nakala inayohifadhiwa kwa uaminifu mkubwa ikawa ya maandishi ambayo mwandishi hakuyaona kamwe. Programu haiwezi kuiona kasoro hiyo, kwa kuwa tarehe iliyo juu ya nakala husema ni lini ilinakiliwa, haisemi ni lini ilisomwa. Ndiyo maana ningependa wahadhiri wa mbinu za utafiti wa kisheria wakifundishe chombo hiki mwanzoni kabisa mwa masomo, sambamba na unukuzi wa hukumu na sheria, na wadai kwamba rejea ya tovuti katika zoezi lolote iambatane na nakala iliyotengenezwa siku ileile mwanafunzi alipousoma ukurasa. Maktaba ikishajiunga, zoezi hilo halimgharimu mwanafunzi chochote zaidi ya kubandika anwani na kusubiri kidogo.