Autosol kwenye kromi ya Volkswagen Beetle

Autosol, dawa ya Kijerumani ya kung'arishia metali inayouzwa kwa tyubu, inamfaa sana mwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960, gari ambalo bampa na vifuniko vya ringi vyake vimepakwa kromi. Kromi ni utando mwembamba mno juu ya nikeli na chuma, na hewa ya chumvi ya Mombasa hupenya kwenye vitundu vyake na kuibua madoa ya kutu.

Niliosha kwanza kwa maji na sabuni, kwani mchanga uliobaki ndio unaokwaruza. Kisha nikapaka dawa kidogo, kiasi cha dawa ya meno mswakini, nikasugua kwa kitambaa cha pamba hadi kikawa cheusi tititi, na nilipokipangusa kifuniko kwa kitambaa kikavu, namba ya gari lililoegeshwa nyuma yangu ilisomeka juu yake, ingawa kinyumenyume. Kutu sugu ilitoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, ambayo ni laini kuliko kromi. Waya wa kusugulia masufuria, ambao waosha magari wengi huukimbilia, ubaki jikoni.

Hata hivyo, pale kromi ilipobanduka, hakuna dawa ya kuirudisha; hiyo ni kazi ya karakana. Ringi zenyewe, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa rangi, zinatosheka na sabuni na brashi laini. Harufu ya dawa ni kali, hivyo inafaa kufanyia kazi nje, kivulini, chuma kikiwa kimepoa, na kumalizia kwa nta.